Ni Kweli, Uliyemwona Kwenye Foleni ni Mimi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe wenye adabu zote, lakini uliniwasha kuliko pilipili ya achari. Alisema kwamba Jumamosi jioni aliniona katika supamaketi moja ya Nyali, hapa Mombasa, nikiwa kwenye foleni ya kulipa, na kwamba kabla sijamfikia keshia nilikuwa nimeshaifungua chokoleti na kuila nusu. "Dada, si wewe uliyetuambia tuache sukari?" akauliza. Ni mimi niliyesema, na aliyemwona ni mimi pia. Nimelala na swali lake siku nne, na leo namjibu kwa kirefu, kwa sababu naamini sote tunaosoma ukurasa huu tunataka jambo moja: mwili mwepesi na vipimo visivyotutia hofu.

Walio wageni hapa wajue kwamba mwaka 2023 nilipimwa sukari kabla ya kula, katika kliniki moja huku Tudor, ikasoma 6.4. Muuguzi alinieleza kuwa kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, na kwamba aliye kati ya 6.1 na hapo tayari amesimama mlangoni. Nikaacha mahamri ya kila asubuhi, nikajizoeza chai isiyo na sukari, na jioni nikawa natembea pale ufukweni Mama Ngina hadi adhana ya magharibi. Miezi minane ilikwenda hivyo, wala haina la kusimuliwa. Nilipungua kilo 11, na sioni haya kujisifu kwa hilo, maana hakuna aliyenibebea hata moja.

Jikoni nilishinda, na harusini pia nilishinda, ambako biriani huletwa kwa sinia na kukataa huonekana ni dharau. Pahali paliponishinda ni zile hatua tatu za mwisho kabla ya kulipa. Wakati mmoja nilikusanya risiti zangu za miezi mitatu katika kopo la maziwa ya unga, kisha nikazitandaza kitandani na kuzihesabu. Nilikuwa nimekwenda supamaketi mara 26, na mara 19 kati ya hizo nilirudi na kitu nilichokitwaa kaunta: biskuti, krispi, karanga zilizopakwa sukari, na chokoleti mara nyingi kuliko vyote. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye orodha niliyotoka nayo nyumbani, na wala sijawahi kumsikia mtu akiaga kwake kwamba anakwenda kununua peremende za kaunta.

Siku moja mwanangu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, aliangusha kilio kwenye foleni hadi bibi mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mnunulie, mama, ni shilingi ngapi hizo?" Maneno hayo bado yananiuma, kwa sababu yalinifanya mimi kuwa bahili na rafu ya peremende ikabaki haina kosa. Nilichuchumaa nimfute mtoto machozi, na hapo ndipo nilipoiona kaunta kwa macho yake. Sisi tuliosimama tunaona betri, viwembe na magazeti. Ukichuchumaa, mayai ya chokoleti yenye kidoli ndani yamekukabili puani, yamepangwa safu mbili, na mkono wa mtoto unayafikia bila kunyooka. Mpango huo haukujipanga wenyewe. Nafasi ile ni ya biashara, na wenye bidhaa hulipia vitu vyao vikae pale, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuchagua vitu arubaini huwa amechoka kuchagua, amesimama hana la kufanya, na bei ya kile kidogo kilicho mbele yake haimshtui. Hapa kwetu zamani hata usipotaka ulipewa: keshia akikosa shilingi mbili za chenji, alikutilia peremende kiganjani na foleni ikasonga. Afadhali sasa wengi twalipa kwa M-Pesa.

Baada ya siku ile nilimwandikia barua meneja wa tawi ninalonunua, ambalo si hilo la Nyali. Sikumwandikia kwa hasira. Nilimweleza kuwa mji wa Berkeley, California, ulipitisha sheria mwaka 2020 kwamba maduka yenye ukubwa unaozidi futi za mraba 2,500 yasiweke kaunta chakula chenye zaidi ya gramu 5 za sukari ya kuongezwa au miligramu 200 za sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi, kwa kila mgao. Kwamba Uingereza nayo, kuanzia Oktoba 2022, iliyazuia maduka makubwa kuweka peremende na vyakula vya aina hiyo kaunta na mlangoni. Na kwamba utafiti uliochapishwa huko mwaka 2018 ulionyesha kuwa, katika supamaketi zilizobadilisha kaunta zao kwa hiari, ununuzi wa vipakiti vidogo vya vitu vitamu na krispi ulishuka kwa asilimia 17 mara tu baada ya mabadiliko. Alinipa kaunta moja, ya nne. Wakaweka ndizi, korosho na maji, nami nikaipiga picha na kuwatumia ndugu zangu wote. Kwa wiki tisa nilipanga foleni ya kaunta ya nne hata ilipokuwa ndefu kuliko zote.

Wiki ya kumi nikakuta chokoleti zimerudi. Meneja aliniambia kwamba ndizi zilikuwa zikiiva upesi na kutupwa, na kijana wa kupanga bidhaa aliyekuwa kando akacheka na kuniita daktari. Sikumjibu. Lakini kila Ramadhani kaunta hizohizo hujazwa pakiti za tende, nazo huuzika vizuri tu, kwa hiyo nisielezwe kwamba kaunta haiwezi kubeba kitu kingine. (Tende nazo zina sukari nyingi, najua, ila sijamwona mtu akizila kumi na mbili akiwa kwenye foleni.)

Sasa nije Jumamosi. Nilikuwa nimetoka mazishini Kisauni, sikuwa nimetia kitu kinywani tangu chai ya asubuhi, ilikuwa mwisho wa mwezi na mbele yangu kulikuwa na vitoroli saba vilivyojaa. Mtu mwenye njaa asiingie supamaketi. Nimelisema hilo hapa mara nyingi, na narudia kwa kuwa mimi mwenyewe sikulisikia. Beba njugu mkobani. Nenda siku ya kazi asubuhi, si mwisho wa mwezi, na ukiweza mwache mtoto nyumbani. Ukiwa kwenye foleni, shika kitu kwa mikono yote miwili. Na ukila, basi soma karatasi, kama nilivyoisoma yangu: gramu 56 za sukari katika kila gramu 100, nayo ilikuwa ya gramu 45, maana yake ni gramu 25 hivi, sawa na vijiko sita vya chai. Kwa mtu mzima, hicho ndicho kiwango cha siku nzima ambacho Shirika la Afya Duniani linasema ni bora tusikizidi. Wenzangu, tusidanganyane kwamba kidogo hakidhuru. Hicho kidogo, mara 19, ndicho kilichokuwa kikinirudisha mlangoni kwa muuguzi.

Nilipofika kwa keshia nilimpa ile chokoleti niliyokwisha kuila nusu. Aliilaza kwenye mashine, ikalia, kisha akaniuliza, bila kucheka, kama aitie mfukoni au naimalizia papo hapo. Nikamwambia aitie mfukoni, chini kabisa, chini ya mchele.