Jibu: Nimekwama kuandika wasifu wa mjomba wa kusoma arobaini

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu mjomba. Umesema mjomba alikuwa mkulima wa korosho, unataka kuandika maisha yake yasomwe kwenye arobaini yake, ila kila sentensi inaishia "alikuwa mchapakazi". Sifa ziache kwanza, anzia kwenye mikorosho. Watafute waliopuliza naye salfa, ile dawa ya mikorosho: alikuwa anawaamsha saa ngapi, alibishana na nani kwenye mizani ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), nani alisomeshwa kwa hela ya korosho zake. Tulipomkumbuka mjomba wa kwetu kule Newala, Mtwara, waliotutoa machozi ni vibarua wake, walivyosimulia kwamba aliwalipa wao kabla ya kununua hata kanga ya mkewe. (Mkewe alicheka huku analia.) Mashamba na madeni usiyaguse hapo, huku Kusini hayo yana kikao chake. Dua mwachie shehe. Ukurasa mmoja unatosha, watu wanasubiri pilau.