Paka mwenye mimba ndani ya nyumba: twahara yetu na haki yake

SWALI

Assalaamu alaykum, Ustadhi. Ninaishi Bondeni, Nakuru, pamoja na mume wangu na mama mkwe. Paka mmoja aliingia kwetu wakati wa mvua, tukamlisha mpaka akatuzoea, na sasa ana mimba kubwa. Wiki hii nimemkuta kabatini amelalia misala yetu na kanzu ya Ijumaa ya mume wangu. Mume wangu anasema nguo hizo hazisaliwi mpaka zifuliwe. Mama mkwe anasema huyu si paka wetu, ni wa Mungu, na watoto wakizaliwa watiwe guniani wakatupwe kwenye jaa la taka la Gioto. Nami nimesikia kwamba Mtume alikata mkono wa vazi lake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Je, hukumu ya nguo zetu ni ipi, tuna wajibu gani kwa paka huyu, na je, inafaa kuwauza watoto wake ili turudishe gharama?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Dada yangu, kwa maelezo yako naona nyumba yenu imelihangaikia jambo jepesi na kulipuuza lililo zito. Nitaanza na hilo jepesi.

Kabsha bint Ka'b ibn Malik amepokea kwamba alimwekea baba mkwe wake, Sahaba Abu Qatada, maji ya kutawadha, akaja paka, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anashangaa, akamweleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaokuzungukeni. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, na Tirmidhi amesema ni sahihi. Kwa hiyo mwili wa paka ni twahara, mate yake ni twahara, na kanzu aliyoilalia inasaliwa. Manyoya yaliyonasa juu yake yana maelezo kidogo katika madhehebu yetu ya Shafii, kwa sababu nywele zinazomtoka mnyama asiyeliwa akiwa hai huhesabiwa najisi, lakini machache husamehewa, na kwa anayeishi na paka msamaha huo ni mpana zaidi. Mume wako aikung'ute kanzu yake, aivae, aende msikitini. Akimwona paka ametoka kula panya na mdomo una damu, kisha akanywa maji machache, yaani yasiyofika qullatayn, takriban lita 200, maji hayo asiyatawadhie. Lakini paka akiwa ametoweka kitambo ambacho huenda alikunywa maji mengi mahali pengine, basi akirudi na kunywa, maji hubaki katika asili yake ya twahara.

Kinachonajisi ni damu ya uzazi na majimaji yanayoambatana nayo. Kwa sababu hiyo, na si kwa sababu ya mwili wake, toeni nguo za sala na misala katika kabati hilo leo, kwani paka anayejichimbia kabatini anatafuta mahali pa kuzalia. Akiwahi kuzaa juu ya kanzu, ondoeni damu, sugueni kwa maji mpaka harufu na rangi viishe; na baka likikataa kutoka baada ya kusuguliwa vizuri, limesamehewa. Kitoto kikizaliwa kimekufa, huo ni mzoga: kiondolewe, kifukiwe, na mahali pale paoshwe.

Kisa cha vazi lililokatwa hakina mapokezi yanayojulikana katika vitabu vya Hadithi, hata kikisambazwa namna gani. Paka huyu hakihitaji. Zipo Hadithi sahihi, nazo ni kali zaidi.

Sasa tuje kwenye kauli ya mama mkwe, ambayo nusu yake ni kweli. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratu Hud, aya ya 6, kwamba hakuna mnyama katika ardhi ila riziki yake iko kwake. Lakini riziki hiyo huteremka kwa sababu, na kwa miezi hii sababu imekuwa jikoni kwenu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajilie wadudu wa ardhini. Itazameni Hadithi hii vizuri, kwa kuwa imetaja njia mbili. Ikiwa mlango u wazi naye anatoka kujitafutia, chakula mnachompa ni sadaka yenye malipo. Lakini paka aliyekaribia kuzaa, tumbo limemlemea na mlango unafungwa usiku, yuko katika hukumu ya aliyefungwa, na kumlisha ni wajibu wa aliyemfungia.

Ama kuwatia watoto guniani na kuwatupa Gioto, jambo hilo ni haramu, mama mkwe aambiwe kwa adabu na kwa upole, lakini aambiwe. Kitoto cha paka huzaliwa haoni wala hasikii, macho hufunguka baada ya siku 7 hadi 14, na katika wiki za mwanzo hawezi kujitunzia joto lake mwenyewe. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Julai mnaijua wenyewe. Kumtupa ni kumuua polepole. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud kwamba Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akawa anapapatika karibu yao, Mtume akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warudishiwe. Wanazuoni wa Kishafii wamekataza kumtenga mtoto wa mnyama na mama yake kabla hajajitosheleza na maziwa. Kwa paka, muda huo ni wiki 8 hivi, na kumwacha mpaka wiki 12 ni bora. Sheria ya nchi nayo, Sura ya 360 inayozuia ukatili dhidi ya wanyama, haimwachi salama mwenye kutenda hivyo.

Mimba ya paka huchukua takriban siku 63 hadi 65, kwa hiyo tumbo likiwa kubwa kama unavyoeleza, hamna muda mrefu. Tafuteni katoni pana yenye ukingo wa kumzuia mtoto asitambae nje, tandikeni leso kuukuu zilizo safi, iwekeni pembeni pasipo upepo wala watoto wa kumchungulia kila saa. Ugali na mchuzi havimtoshi, kwani paka ni mla nyama: apewe omena zilizochemshwa bila chumvi, maini kidogo, yai lililoiva, mara nyingi kwa kiasi kidogo, na maji yasikosekane. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Msimpe Panadol kwa kumwonea huruma, kwa maana dawa hiyo humuua paka, na dawa ya viroboto ya mbwa nayo ni hatari kwake. Akizaa, mwacheni akate kitovu na kuwalamba watoto mwenyewe; akila kondo la nyuma msishtuke. Lakini akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, mpigieni daktari wa mifugo, kwani kumtibu ni katika huo huo wajibu wa kumlisha. Na ikiwa wewe mwenyewe una mimba, dada yangu, kinyesi chake akiondoe mtu mwingine, kwa sababu kinaweza kuwa na vimelea vinavyodhuru mtoto tumboni.

Jihadharini pia kwamba paka anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha. Vitabu vya madhehebu yetu vinakataza kumhasi mnyama asiyeliwa, na baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameruhusu kumzuia asizae kwa mkono wa daktari ikiwa hakuna madhara. Mimi naona mwanzo mumfungie ndani mbali na madume, mkikumbuka kwamba hapo chakula chake kimekuwa juu yenu kikamilifu.

Kuhusu kuwauza watoto, Muslim amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume alikemea thamani ya mbwa na ya paka. Wapo wanazuoni walioichukua Hadithi hii kwa dhahiri yake wakaharamisha. Wengi, na Mashafii wakiwemo, wamejuzisha kumuuza paka wa kufugwa mwenye manufaa, na Imamu Nawawi ameeleza kuwa katazo hilo linamhusu asiye na manufaa, au ni la karaha tu, si la uharamu, ili watu wazoee kupeana bure. Kwa hiyo mkiuza hamtakuwa mmekula haramu kwa kauli hii, lakini wapeni bure majirani mnaowaamini, na anayetaka kuchangia leso, omena au ada ya daktari apokelewe mchango wake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.