Tumbo, nyayo na mteremko: mambo yanayowatoa wakimbiaji kwenye ultra

Ultramarathoni ni mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni. Zinazopatikana kwa wingi ni za kilomita 50, 80, 100 na 160. Anayetoka kwenye marathoni hudhani kinachomkosesha ni pumzi. Pumzi huwa anayo. Kasi ya ultra ni ndogo mno kuyachosha mapafu, na mtu anapojitoa njiani mara nyingi ni kwa sababu tumbo limegoma, nyayo zimechunika, au mapaja yamekufa kwenye mteremko. Mambo haya matatu hufanyiwa mazoezi kama pumzi inavyofanyiwa, lakini katika ratiba nyingi huambulia mstari mmoja tu mwishoni. Ndiyo maana makala haya yanayapa nafasi kubwa.

Kabla ya yote, isome njia. Kilomita peke yake hudanganya. Kanuni nzuri ni hii: kwa kila mita 100 za kupanda, ongeza kilomita 1. Mbio za kilomita 50 zenye mita 2,500 za kupanda zina uzito wa kilomita 75. UTMB, mbio zinazozunguka mlima Mont Blanc huko Ulaya, ina kilomita kama 170 na mita kama 10,000 za kupanda, yaani uzito wa 270, na ndiyo maana wakimbiaji hupewa zaidi ya saa 46 kuimaliza. Comrades ya Afrika Kusini ni ya barabarani, karibu kilomita 90, na muda wake wa mwisho ni saa 12. Haya ni mashindano mawili tofauti kabisa, na mazoezi yake hayafanani. Ukishajua uzito wa njia, angalia muda wa mwisho wa kila kituo cha maji na chakula njiani, si wa mwisho wa mbio tu. Wengi hukatwa katikati wakiwa bado na nguvu, kwa kuwa hawakujua kituo cha tatu kinafungwa saa ngapi.

Tumbo

Mwili una akiba ya wanga ya kalori kama 2,000 kwenye misuli na ini. Saa nne au tano za kukimbia zinaweza kuimaliza. Mafuta ya mwilini yapo tele, ila huungua polepole, na bila wanga kidogo unaoingia kila saa mwendo hudorora na akili hujaa ukungu. Lengo la kuanzia ni gramu 60 za wanga kwa saa. Jeli nyingi za wakimbiaji (pakiti ndogo za sukari nzito) zina gramu 20 hadi 25, kwa hiyo ni jeli mbili au tatu kwa saa, au moja pamoja na kinywaji chenye sukari. Anza ndani ya dakika 30 za mwanzo, wakati huna njaa hata kidogo. Anayesubiri njaa huanza kula tumbo likiwa limeshachoka.

Kuna kikomo hapo. Utumbo hupitisha glukosi ya gramu kama 60 kwa saa, basi. Ukitaka kufika 80 au 90, lazima sehemu ya sukari iwe fruktosi, yaani sukari ya matunda, kwa sababu hiyo ina mlango wake. Soma karatasi ya jeli yako: ikiwa ni maltodekstrini tupu, wanga unaogeuka glukosi, usizidishe 60. Sukari iliyozidi hubaki tumboni, huvuta maji, na baada ya muda mfupi kichefuchefu huanza.

Utumbo hufundishwa kwa wiki 6 hadi 8. Katika mazoezi marefu anza na gramu 30 kwa saa, ongeza 10 kila wiki, na utumie chakula kilekile utakachotumia siku yenyewe. Tumia pia vya chumvi, kama viazi vya kuchemsha au supu, maana baada ya saa tano au sita kinywa hukinai utamu. Jambo hili humpata karibu kila mtu, na anayebeba jeli pekee hufika mahali hawezi kuimeza hata moja.

Na tumbo likigoma? Sababu kubwa huwa mbili: joto, na kasi iliyozidi. Damu yote iko miguuni na kwenye ngozi, tumbo limeachwa kavu. Kula zaidi hakusaidii. Punguza mwendo hadi kutembea kwa dakika 10 au 15, acha sukari, kunywa maji matupu kwa mafunda madogo, mwagia kichwa na shingo maji. Likitulia, rudi na kipande kidogo cha kitu cha chumvi. Kutapika si mwisho wa safari. Wengi hutapika, husubiri dakika chache, huanza tena kwa mafunda, na hufika.

Maji yanahitaji hesabu yake. Jipime uzito bila nguo, kimbia saa moja, jifute jasho, jipime tena. Ukianza na kilo 70.0 na kumaliza na 69.2 huku umekunywa nusu lita, umetoka jasho la lita 1.3. Fanya hivyo siku ya joto na siku ya baridi. Lakini usijaribu kurudisha kila tone: kunywa kwa kiu, na tumia kipimo hicho kujua tu unahitaji chupa ngapi kati ya kituo na kituo. Sodiamu ya miligramu 300 hadi 600 kwa saa huwatosha wengi, na wenye jasho linaloacha chumvi nyeupe kwenye kofia huhitaji zaidi.

Hatari ambayo watu huidharau ni maji mengi kupita kiasi. Sodiamu kwenye damu hushuka, vidole huvimba, pete na saa hubana, kichwa huuma, kisha akili huchanganyikiwa. Dalili za mwanzo hufanana na za kukosa maji, na mtu huongezewa maji mengine. Kama uzito umepanda kuliko ulipoanza, acha kunywa na umwone daktari wa mbio.

Tuseme waziwazi kuhusu dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni: usizimeze ukiwa mbioni. Hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo siku hiyo tayari zinasafisha mabaki ya misuli iliyovunjika. Mkojo ukiwa wa rangi ya soda ya kola, mbio zako zimekwisha. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nyayo

Lengelenge husababishwa na joto, unyevu na msuguano vikikutana mahali pamoja. Ondoa kimojawapo na nafasi yake hupungua sana. Miguu huvimba kadiri saa zinavyopita, kwa hiyo nunua viatu jioni, ukiwa umevaa soksi za mbioni, na uache upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Soksi za pamba hushika maji, ziache nyumbani. Kata kucha siku tatu kabla ya mbio, moja kwa moja, kisha zisugue kwa tupa mpaka usihisi ukingo ukipitisha kidole.

Ukihisi sehemu moja ya mguu ina joto, simama. Si kituo kinachofuata, hapo hapo. Dakika tatu za kuvua kiatu, kukung'uta mchanga, kukausha ngozi na kubandika plasta zitakuokoa na saa mbili za kuchechemea. Plasta ikatwe pembe ziwe za mviringo, maana pembe kali hukamatwa na soksi na kubanduka. Isiwe na mkunjo hata mmoja: mkunjo ni lengelenge jipya. Kama ulipaka mafuta ya kuzuia msuguano, yafute kwanza, la sivyo haitashika.

Lengelenge likishajaa, litoboe kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, matundu mawili au matatu upande wa chini, likamue taratibu, uache ngozi ya juu ilivyo, ufunike. Kuna ubishi mwingi kuhusu kutoboa au kutotoboa. Rai yetu ni kwamba lengelenge dogo lisilouma liachwe, na linalobadilisha jinsi unavyokanyaga litobolewe, kwa sababu kukanyaga vibaya kwa kilomita 40 huharibu goti au kifundo, na hivyo haviponi kwa wiki moja.

Mteremko

Wengi huogopa mlima wa kupanda. Kupanda huchosha, lakini kushuka ndiko kunakovunja. Ukiteremka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inajikaza huku inavutwa, na nyuzi zake huchanika kidogo kila hatua. Comrades kwa kawaida hubadilisha mwelekeo, mwaka mmoja kutoka Durban kupanda kwenda Pietermaritzburg, mwingine kushuka kwenda pwani, na wakimbiaji wengi waliofanya zote mbili husema miguu huuma zaidi baada ya kushuka.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Zoezi moja kali la kuteremka huilinda kwa wiki kadhaa. Tafuta kilima, panda kwa kutembea, teremka kwa kukimbia, mara 4 wiki ya kwanza, kisha 6, kisha 8 kwa wiki zinazofuata. Zoezi la mwisho zito liwe wiki mbili au tatu kabla ya mbio. Asiye na kilima atumie ngazi na kisanduku: simama juu yake kwa mguu mmoja, jishushe polepole kwa sekunde tatu, mara 12 kila mguu, seti 3, siku mbili kwa wiki.

Namna ya kuteremka: hatua fupi na za haraka, kifua mbele kidogo, macho mita tatu au nne mbele badala ya kwenye vidole. Anayeegemea nyuma kwa woga hutua kwa kisigino, na kila kisigino ni breki nyingine. Kabla ya mteremko mrefu, kaza kamba kwenye matundu mawili ya juu ili kisigino kisitembee. Kucha nyeusi nyingi hutokana na mguu kuteleza ndani ya kiatu.

Mazoezi na mwendo

Ukimbie siku 4 au 5 kwa wiki, na uweze kilomita 50 za wiki bila maumivu, kabla ya kuanza maandalizi ya kilomita 50. Kisha jambo muhimu zaidi ni siku mbili mfululizo: saa 4 Jumamosi, saa 2 au 3 Jumapili na miguu iliyochoka. Hilo hufundisha kuvumilia uchovu kwa hatari ndogo kuliko kukimbia saa 7 kwa mkupuo. Ongeza ama kilomita ama milima, si vyote wiki moja. Kila wiki ya nne punguza theluthi. Wiki mbili za mwisho kata karibu nusu.

Fanya pia mazoezi ya kutembea. Hata walio mbele hutembea kwenye mwinuko mkali, kwa sababu hapo kukimbia hugharimu nguvu nyingi na kuokoa sekunde chache. Kipimo rahisi: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukatisha pumzi, tembea. Robo ya kwanza ya mbio ionekane ya polepole mno, hadi uwe na aibu ya kupitwa. Waache wapite.

Na utoke nje kwenye njia zenyewe kila unapoweza. Uzuri wote wa mchezo huu uko huko: kuanza kabla ya mapambazuko, kuona bonde likifunguka mwanga ukiingia, kufika kwa miguu mahali ambapo gari halifiki. Mtu wa kawaida, mwenye kazi na familia, anaweza kuvuka safu nzima ya milima kwa siku moja. Furaha hiyo ndiyo humwamsha mtu alfajiri miezi sita mfululizo.

Huko nje kuna sheria chache zisizojadiliwa. Koti la mvua lililozibwa mishono hubebwa hata anga likiwa safi, na huvaliwa kabla ya kutetemeka. Mwili uliolowa na kupunguza mwendo hupoa kwa dakika chache. Taa ya kichwani iwe na betri za akiba zilizowekwa karibu na mwili, kwani baridi huzidhoofisha, na taa ndogo ya pili. Filimbi: mipulizo 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena, ni ishara ya kuomba msaada milimani. Usipoona alama ya njia kwa dakika tano, rudi hadi ya mwisho uliyoiona. Kuendelea mbele ukitumaini itatokea ndiyo njia ya kupotea.

Vituo navyo hula muda. Vituo 10 kwa dakika 5 zaidi kila kimoja ni karibu saa nzima. Kabla hujafika, jitajie vitu vitatu unavyohitaji: maji, chumvi, soksi. Vichukue, ondoka ukila. Usikae kwenye kiti ila kwa kutibu mguu. Usiku, usingizi ukizidi, lala dakika 15 kwa saa yenye kengele, kafeini ukiimeza kabla ya kulala ili ianze kazi unapoamka.

Ukimaliza, badili nguo zilizolowa ndani ya dakika 10, kula kitu cha chumvi, inua miguu. Wiki moja usikimbie kabisa, mbili zinazofuata ziwe nyepesi. Na usiendeshe gari kurudi nyumbani usiku huo: panga dereva mwingine mapema, kama unavyopanga jeli na soksi.