Ampu inayojiunguza: hesabu ya kufanya kabla hujafunga boksi

Ampu ya harusi inaweza kuunguza transista zake za mwisho muziki ukiwa umezimwa, MC anasubiri maharusi waingie. Kila nyuzi 1 ya joto hupunguza kama milivolti 2 kwenye volti kati ya besi na emita (miguu miwili ya transista) inayohitajika kupitisha mkondo uleule. Bayasi, yaani volti ya kuiamsha transista, ikibaki palepale, mkondo unapanda, joto linaongezeka, mkondo unapanda tena.

Chukua ampu ya volti 35 kila upande, mkondo wa kutulia, unaopita bila muziki, miliampia 50. Transista na maika (kipande cha kuhami umeme) yenye grisi zina ukinzani wa joto wa nyuzi 1.5 kwa wati. Hitisinki, bamba la kutolea joto, ina 2, lakini imebeba transista mbili, kwa hiyo kila moja huiona kama 4. Jumla 5.5.

Tengeneza jedwali lenye safu mbili. Safu ya msukumo, milivolti zinazoongezwa na joto: mkondo kwa ampia × 35 × 5.5 × milivolti 2. Safu ya breki, milivolti zinazohitajika kuufikisha mkondo hapo: 26 × logi asilia ya (mkondo kwa miliampia ÷ 50), jumlisha rizista ya emita (iliyo mfululizo na emita) kwa omu × miliampia zilizozidi 50. Panda na mkondo hatua kwa hatua.

Kwa rizista ya omu 0.22, kwenye miliampia 100 msukumo ni milivolti 38.5 na breki 29. Kwenye 300 ni 115 kwa 102. Breki haifikii kamwe, hiyo itaungua. Weka omu 0.47: kwenye 100 breki ni 41.5, imeshapita msukumo, na mkondo unatulia karibu na 90. Tofauti ni rizista ya bei ndogo tu! Fundi anayelinganisha mteremko wa safu hizo mbili pale mwanzoni tu, kwenye 50, ataona hata ile ya 0.22 iko salama. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, maana mkondo ukipanda upinzani wa ndani wa transista hupungua na breki hulegea.

Lakini 0.47 peke yake haitoshi kwa Tanga. Ukiseti bayasi ndani ya boksi lenye nyuzi 25, kisha Februari, kwenye harusi ya Ngamiani, boksi likafika 45, unaongeza milivolti 40 kwenye msukumo. Rudia jedwali: inatulia karibu miliampia 250, yaani wati 9 kwa kila transista bila hata muziki. Ndiyo maana transista ya bayasi, ile inayoweka volti hiyo, lazima ifungwe juu ya hitisinki ileile, kwa grisi, isining'inie kwenye bodi. Trima, rizista ya kurekebishia bayasi, iwekwe upande wa besi na emita wa transista hiyo, ili mguso wake ukikatika bayasi ishuke badala ya kupaa.

Unapowasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo, spika zikiwa nje. Ukishaitoa balbu, pima kwenye rizista ya emita: milivolti 23.5 ndiyo miliampia 50.

Halafu subiri. Gramu 500 za aluminiamu hubeba kama jouli 450 kwa nyuzi. Zidisha kwa ile 2 ya hitisinki, unapata sekunde 900. Dakika 15 hizo ni theluthi mbili tu ya safari ya joto. Usikubali kufunga boksi kabla ya dakika 45, kipimo kikiwa kimesimama.