Muulize Fundi: Mke wangu amekaa mbele, gari inasema eabegi OFF

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mimi niko Columbus, Ohio, naendesha Toyota Camry ya 2009. Mwezi uliopita mtoto alitapika gari ikanuka vibaya sana, nikafungua siti ya abiria ya mbele mwenyewe nikaitoa nje, nikaosha kapeti na siti kwa maji na sabuni, kesho yake nikairudisha. Tangu siku hiyo taa ya SRS, ile ya onyo la eabegi, haizimi na pale katikati panawaka AIR BAG OFF, yaani ule mfuko wa hewa wa kumkinga mtu kwenye ajali umezimwa, hata mke wangu akikaa, na ana kilo 74. Nimechomeka kale kamashine kangu ka kusoma hitilafu kananiambia gari haina shida. Kuna jamaa anataka dola 60 aweke rizista, kale kadude kadogo ka umeme, taa izime. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo dola 60 usiitoe. Ile rizista itaidanganya kompyuta, taa itazima kweli, ila hakuna atakayejua eabegi ya mbele itafanya nini siku ya ajali, inaweza ikagoma kwa mkeo au ikafyatuka kwa mwanao. Miaka ya 1990 huko huko Marekani watoto walikufa kwa eabegi za mbele, maana inajaa chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde na mtoto akiwa karibu inampiga kichwa. Ndiyo maana serikali ikatunga sheria mwaka 2000, na kuanzia Septemba 2003 magari mapya yakaanza kutoka kidogo kidogo na siti inayojua nani amekaa.

Sasa siti yako inajuaje. Chini yake, kati ya fremu na reli, kuna sensa nne, yaani vifaa vya kupima uzito, moja kila kona, na kila moja ni kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno mtu akikaa, halafu kompyuta ndogo iliyo humo humo kwenye siti inajumlisha uzito wa kona zote nne. Ukielewa hapo umeshaelewa ugonjwa wako, kwa sababu siti ikifungwa ikiwa imejipinda, zile sensa zinabanwa hata kama hakuna mtu, na kompyuta inaona uzito usioeleweka.

Hako kamashine kako hakajakosea, kanasoma injini tu. Hitilafu za eabegi zinaanza na herufi B na zinahitaji mashine inayoingia kwenye SRS. Hapo kwa Toyota mara nyingi utakuta namba ya hitilafu B1650, na wengi wakishaiona wanakimbilia kununua siti nzima, kumbe B1650 ni kompyuta ya eabegi inasema tu kwamba siti ina tatizo, haijui tatizo gani. Mwambie fundi atoke kwenye menyu ya SRS aingie kwenye menyu ya utambuzi wa abiria, ile kompyuta ya siti ina kumbukumbu yake yenyewe na huko ndiko utajua ni sensa ya kona ipi, au ni swichi ya mkanda, au ni umeme haufiki. Na nikuulize, siti ilipokuwa nje uliwasha gari hata mara moja? Kama uliwasha, baadhi ya hizo hitilafu ni za siku ile, zifutwe kwanza uone zipi zinarudi.

Kabla ya kugusa chochote chini ya siti zima gari, toa waya wa hasi wa betri, subiri sekunde 90 au zaidi, usifanye haraka. Halafu zile soketi za njano ni za eabegi ya ubavuni na mkanda, usizipime kwa mita hata siku moja, umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua mkononi mwako. Wewe kagua kwa macho tu. Umeosha kwa maji, kwa hiyo chomoa soketi ya kompyuta ya siti utazame ndani kwa tochi, kama pini zimeota ukungu wa kijani au kuna povu la sabuni limekauka basi umeanza kupata jibu. Ukirudisha sukuma mpaka usikie mlio wa kubana, soketi iliyoingia nusu inasumbua watu wengi kuliko sensa mbovu.

Baada ya hapo nenda kwenye bolti. Nilishawahi kuletewa gari ya namna hii imepita gereji mbili, imebadilishiwa kompyuta ya siti, taa bado. Nikalala chini na tochi nikaona mguu wa nyuma wa reli upande wa mlango umekalia kapeti lililojikunja, unene wa kidole kidogo tu, siti ikikaa kwa macho iko sawa kabisa lakini fremu imejivuta. Nikalegeza bolti zote nne, nikanyoosha kapeti, nikazianza zote kwa mkono kwanza ndipo nikakaza moja baada ya nyingine kwa spana ya kupima nguvu. Nawe fanya hivyo hivyo, kipimo cha kukaza kiko kwenye kitabu cha mafundi cha gari yako, usikaze kwa hasira.

Ukimaliza kukaza bado hujamaliza kazi, na hapa ndipo nadhani wewe ulikwama. Siti ikishatolewa lazima irudishwe sifuri kwa mashine, kama mizani ya dukani inavyoanzia sifuri kabla hujaweka sukari. Gari iwe sehemu tambarare, siti iwe tupu kabisa hata simu isiwepo. Kisha weka uzito wa kilo 30 katikati ya siti, vyuma vya jimu vinafaa sana, pauni 66 hivi, na usome kwenye mashine. Toyota wanataka isome kati ya kilo 27 na 33. Ikisoma humo umepona. Ikisoma 15 au 48 angalia namba za sensa moja moja, ile inayokaa peke yake mbali na wenzake ndiyo ya kushughulikia, anza na waya wake.

Siku nyingine OFF ikiwaka bila taa ya SRS mtu mzima akiwa amekaa, hiyo siyo hitilafu, siti imesoma uzito mdogo. Kaangalie kama kuna kitu kimeingia chini ya siti kinaisukuma juu, au kama abiria wa nyuma anaisukuma kwa magoti, au mwenyewe ameegemea mlango. Na mpaka utengeneze mama akae nyuma na mtoto. Mtoto hata baada ya kutengeneza abaki nyuma, huko wanashauri mpaka atimize miaka 13.

SWALI: Jambo fundi, mimi niko Goma, gari langu la usukani kushoto limetoka Marekani. Fundi amefungua siti amekuta mfuko wa plastiki laini una kitu kama jeli ndani, umepasuka. Tumepata mwingine wa gari lililovunjwa, tuweke?

JIBU: Hapana ndugu. Huo mfuko ndio mizani yenyewe, mtu akikaa jeli inasukuma na sensa inasoma presha. Mfuko, sensa na kompyuta yake vimepimwa pamoja kiwandani na vinauzwa kama seti, mara nyingi pamoja na sponji ya siti. Ukichukua mfuko wa gari lingine ukaunga na kompyuta yako namba hazitalingana, hata taa ikizima usiiamini. Tafuta seti nzima ya modeli yako.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Dar, gari yangu imetoka Japani. Nikiweka mkoba siti ya pembeni inapiga kelele za mkanda, na tangu niioshe ndani haiachi hata siti ikiwa tupu. Ndiyo eabegi imeharibika?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, kama taa ya SRS imezima usiogope. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani hayana hiyo mizani, yana karatasi nyembamba yenye swichi ndani ya siti kwa ajili ya kukumbusha mkanda tu, ndiyo maana hata mkoba mzito unaisumbua. Maji yakiingia swichi inabaki imejifunga. Iache siti juani siku mbili tatu milango wazi. Ikikataa, fundi wa umeme achomoe soketi ya hiyo karatasi, siyo ya njano, betri ikiwa imetolewa. Aina nyingi ukipima kwa mita siti ikiwa tupu haitakiwi kupitisha umeme, ukikandamiza ndiyo inapitisha. Ikipitisha muda wote badilisha, na yule anayekuuzia kile kichuma cha kuchomeka kwenye kishikio cha mkanda kelele zikate, mwambie hapana, maana siku abiria akikaa hapo atashindwa kufunga mkanda na wewe hutaambiwa.