Maswali na Majibu: Mguu Usiokupa Usingizi

Tangu joto la kaskazi lianze, maswali ninayoletewa yanarudia jambo lile lile: mtu analala mzima, na katikati ya usiku mguu unamwamsha kwa maumivu makali. Wengi hueleza vizuri mahali panapouma, lakini ni wachache wanaoeleza wanachokifanya ili wapate nafuu. Je, unaunyoosha mguu, unainuka ukatembea, unauning'iniza nje ya kitanda, ama unaupandisha juu ya mto? Liangalieni hilo kabla ya kwenda kwa daktari, maana maradhi yanayoumiza miguu usiku hutofautiana sana hapo.

Swali: Nilijifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita, kisha nikasafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi nyumbani Likoni. Tangu juzi shavu la mguu wa kushoto linauma usiku kucha, limevimba na lina joto. Mama ananikanda kwa mafuta ya ufuta. Niendelee?

Jibu: Hapana, dada yangu, na nimelitanguliza swali lako kwa sababu haliwezi kusubiri. Mguu mmoja unapovimba, ukawa na joto na kuuma shavuni, katika wiki 6 za baada ya uzazi, huchukuliwa kuwa damu imeganda ndani ya mshipa mpaka kipimo kioneshe vinginevyo. Upasuaji huongeza hatari hiyo, na safari ya kukaa kitini kwa zaidi ya saa nne vilevile, nawe umepitia yote mawili. Bonge la damu likikandwa linaweza kung'oka likapanda hadi mapafuni. Mwambie mama aache, nenda leo hii hospitali yenye altrasaundi, na umwambie daktari kwamba unanyonyesha ili achague dawa ifaayo. Ukianza kubanwa na kifua au kukosa pumzi, usipange foleni ya kliniki. Ingia moja kwa moja kitengo cha dharura.

Swali: Nina miaka 58 na nauza viazi karai na bajia Mwembe Tayari. Mara tatu au nne kwa wiki, saa tisa za usiku, shavu la mguu linakaza kama jiwe hadi napiga yowe. Jirani amenipa vidonge vya kwinini, na mwengine ananiambia nile ndizi.

Jibu: Huku ni kukakamaa kwa misuli, Bi, na ingawa uchungu wake unatisha, kwa kawaida si dalili ya ugonjwa mbaya. Msuli hujifinya wenyewe na kukataa kulegea, kwa sekunde chache hadi dakika kama kumi, kisha huacha maumivu yanayobaki mpaka asubuhi. Huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, wajawazito, wenye maradhi ya figo, na wanaosimama kwa saa nyingi kama wewe, ambaye tangu alasiri uko mbele ya karai la mafuta huku jasho likikutiririka. Maumivu yakikushika usingoje yapite. Keti, nyoosha goti, vizungushie leso vidole vya mguu, kisha uivute kuelekea kwako mpaka msuli ulegee.

Kila usiku kabla ya kulala, weka viganja ukutani, peleka mguu mmoja nyuma huku kisigino kikigusa sakafu, na uegemee mbele mpaka usikie shavu la mguu likivutika. Hesabu polepole hadi kumi, na urudie mara tatu kwa kila mguu. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012, watu wa zaidi ya miaka 55 walionyoosha misuli kila usiku kwa wiki 6 walishikwa mara chache zaidi na kwa ukali mdogo. Shuka iliyochomekwa kwa nguvu chini ya godoro nayo husukuma vidole kuelekea chini, kwa hivyo ilegeze.

Kwinini mrudishie jirani. Zamani ilitumiwa kwa maumivu haya, lakini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuangamiza chembe zinazogandisha damu, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ilionya isitumiwe kwa kazi hiyo. Ndizi ule kwa sababu ni chakula kizuri. Ikiwa unameza dawa ya presha inayoongeza mkojo, au ya kupunguza mafuta ya damu, mwambie daktari, kwani zinaweza kuchangia, ila usiziache kwa uamuzi wako.

Swali: Nina miaka 67 na nimevuta sigara tangu ujana. Nikilala, vidole na unyayo wa kulia vinauma vibaya; nikiuning'iniza mguu nje ya kitanda napata nafuu. Nikitembea kutoka nyumbani Mji wa Kale hadi Marikiti, nalazimika kusimama njiani shavu la mguu linaponibana. Wanangu wanasema ni baridi yabisi na wanataka nipigwe hijama mguuni.

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Kati ya barua zote, yako ndiyo iliyonikosesha raha, kwa sababu umeeleza bila kujua dalili za mishipa ya ateri iliyoziba. Damu inayotoka moyoni haifiki vyema unyayoni. Ukiuning'iniza mguu, damu inateremka kwa uzito wake na maumivu yanatulia, na ukiulaza inakosa msaada huo. Baridi yabisi haina tabia hiyo. Daktari atatafuta kwa ncha za vidole viwili mpigo wa damu juu ya unyayo wako, kisha atalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ile ya mkono; ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono na jibu likawa chini ya 0.9, ateri zimebanwa. Maumivu yanayokuja hata ukiwa umepumzika yanamaanisha kwamba mguu wenyewe uko hatarini, kwa hivyo nenda wiki hii, na ukiona kidonda au kidole kikigeuka rangi nenda siku hiyo hiyo. Hijama mahali hapo nakuomba usikubali, kwa sababu ngozi iliyokosa damu ikichanjwa huenda isipone. Sigara nayo lazima iachwe, na ukishindwa peke yako sema, usaidiwe.

Swali: Nina mimba ya miezi saba, naishi Bamburi. Usiku miguu inatambaa kama ina sisimizi ndani ya mifupa. Nikitembea chumbani inatulia, nikilala inaanza upya. Mama mkwe anasema nimechezewa.

Jibu: Hujachezewa, mama. Hamu ya kuichezesha miguu ambayo huzidi jioni na kutulia ukitembea ni ugonjwa unaojulikana. Daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliueleza kwa kina mwaka 1945. Mara nyingi hufungamana na upungufu wa madini ya chuma, hata kama kipimo cha kawaida cha damu hakioneshi upungufu, kwa hivyo uliza kliniki kuhusu kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Vidonge vyako vya chuma na foliki usivimeze kwa chai wala kahawa, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi huuzidisha. Kwa wajawazito wengi humalizika baada ya kujifungua.

Swali: Nina sukari mwaka wa 12. Usiku nyayo zote mbili zinawaka moto, hata shuka ikigusa naumia. Naziloweka katika maji moto ya chumvi na kunywa diklofenaki.

Jibu: Acha vyote viwili, ndugu yangu. Sukari imeharibu neva za miguu, na mtu ambaye neva zake zimekufa ganzi anaweza kuungua kwa maji bila kuhisi, akaamka na malengelenge. Diklofenaki haifiki kwenye maumivu ya neva, na inazielemea figo ambazo sukari tayari imezichosha. Daktari akikuandikia amitriptilini kwa kipimo kidogo usishtuke kwamba ni dawa ya sonona. Hutuliza neva pia. Ikiwa umetumia metformini kwa miaka mingi, omba upimwe vitamini B12, maana dawa hiyo huipunguza. Kila usiku kagua nyayo kwa kioo, na asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvivaa.

Swali: Mwanangu wa miaka sita hulia usiku kwamba miguu inamuuma, asubuhi anacheza. Ni maumivu ya kukua?

Jibu: Huenda, ingawa jina hilo linapotosha, kwani haijathibitika kwamba kukua ndiko kunakouma. Huwapata watoto wa miaka 3 hadi 12, kwa kawaida miguu yote miwili, na kukicha hayapo. Mkande kwa mafuta ya nazi, na ikibidi mpe parasetamoli kulingana na uzito wake, kamwe si aspirini. Hata hivyo sisi wa Pwani tuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa wingi, kwa hivyo kama hajawahi kupimwa, mpime. Akiumwa mguu ule ule mmoja kila mara, akichechemea mchana, akipata homa, uvimbe au akikonda, mpeleke hospitali bila kungoja. Kwa sasa weka daftari kando ya kitanda, uandike kila usiku anaolia ni mguu upi na alipoonesha kwa kidole, kisha uende nalo kwa daktari.