Deli mpya ya Jersey City: nyama ni ileile, siku ndiyo tofauti

Wakuu, nimeusoma uzi huu wote tangu jana usiku. Kwa anayeingia sasa hivi: kuna deli, yaani mgahawa wenye kaunta ya nyama na sandwichi za mtindo wa Kiyahudi, imefunguliwa Jersey City, jirani na New York, mwezi uliopita, wanauza pastrami (nyama ya ng'ombe ya chumvi na moshi), supu ya kuku na matango ya achari, na video zao zimejaa kila mahali. Mleta mada kaenda Jumamosi, kalipa dola 26 kwa sandwichi moja, anasema nyama ilikuwa kavu na ngumu, na ule mlima wa nyama wa kwenye video hakuuona. Dada wa Newark kamjibu kwamba yeye alikula palepale Jumanne, na nyama laini kama ile hajawahi kuionja. Kuanzia hapo ni kurasa tatu za kuitana waongo, hadi mmoja kamtuhumu dada wa watu kwamba kalipwa.

Mimi naamini wote wawili wamesema kweli. Nimefanya kazi miaka minne kwenye kaunta ya deli moja Manhattan, kazi yangu kukata nyama, na nimeliona jiko moja likitoa nyama hizo mbili ndani ya wiki moja. Sababu yenyewe ndiyo hiyo video.

Lazima kwanza mjue pastrami inavyopikwa. Ni nyama ya ng'ombe iliyoletwa New York na Wayahudi waliohama kutoka Romania, na jina lake ni ndugu na pastirma ya Waturuki. Zamani walitumia nyama ya chini ya tumbo kwa sababu ilikuwa na mafuta na bei yake ndogo. Siku hizi wengi wanatumia kidari. Inalazwa kwenye maji ya chumvi yenye viungo na chumvi ya nitraiti, ile inayoifanya ibaki na rangi nyekundu ya waridi hata baada ya kuiva. Kwetu ililala karibu wiki mbili. Ikitoka inapakwa pilipili manga na giligilani za kupondwa, inapigwa moshi. Watu wengi wanadhani hapo kazi imekwisha. Bado kabisa. Nyama ikitoka kwenye moshi ina harufu nzuri ajabu, lakini ukiitafuna ni kama unatafuna mkanda.

Kinachoilainisha ni mvuke. Kidari kina kano nyingi, na kano haziyeyuki kwa moto mkali, zinayeyuka kwa unyevu wa moto na muda. Aliyewahi kupika makongoro nyumbani ananielewa. Unaweza kuongeza kuni utakavyo, kongoro halikubali haraka. Pastrami ni hivyohivyo: inakaa kwenye kabati la mvuke saa tatu, wakati mwingine nne, kutegemea kipande.

Aliyenifundisha kukata alikuwa mzee mmoja wa Puebla, Mexico, ambaye alikuwa ameshika kisu pale zaidi ya miaka 20. Hakutumia saa. Alichoma uma upande mnene wa nyama, akaunyanyua taratibu. Nyama ikiung'ang'ania uma, anairudisha kwenye mvuke na kusema neno moja tu, "todavía", yaani bado. Ikiteleza yenyewe na mafuta yakitikisika kama ute, anaileta ubaoni. Hapo unaitafuta nyuzi ya nyama imelalia upande gani, unaikata kwa kuikingama, vipande vinene kiasi cha penseli. Inakatwa kwa mkono kwa sababu nyama iliyoiva hivyo haiwezi kupita kwenye mashine, itachanika yote. Mashine inataka nyama ya baridi iliyokaza.

Sasa rudini kwenye picha mbili zilizowekwa humu. Ya dada: vipande vinene, havilingani, kingo zimemeguka, mafuta yanang'aa. Ya mleta mada: vipande vyembamba kama karatasi, vimenyooka, vyote unene mmoja, vimekunjwa kunjwa ili vionekane vingi. Hiyo ilikatwa kwa mashine ikiwa ya baridi, kisha ikapashwa. Mkuu, hukusema uongo, ulipewa nyama ambayo haijamaliza safari yake.

Kwa nini Jumamosi iwe hivyo na Jumanne isiwe? Niwaeleze nilichokiona mwenyewe. Bosi wetu alimwalika kijana mmoja mwenye wafuasi wengi, akaja Ijumaa na kamera. Tukaambiwa tumtengenezee sandwichi ya kupigwa picha, na tukajaza nyama ya sandwichi tatu katikati ya vipande viwili vya mkate, tukaisukuma yote mbele ili ikikatwa uso ujae. Mteja wa kawaida alikuwa anapata gramu 340 au karibu na hapo. Video ikatoka usiku uleule. Jumapili saa tano asubuhi foleni ilikuwa imepinda kona.

Kabati letu lilibeba vipande 12, na saa nane mchana vilivyoiva vilikuwa vimekwisha. Bosi akaagiza vitolewe vile vilivyokuwa vimekaa saa moja. Mzee akavichoma uma, akasema todavía, akarudisha. Alipoambiwa mara ya pili aliweka kisu ubaoni, akavua aproni. Basi ikawashwa mashine, ikaletwa nyama ya baridi kutoka kwenye friji, na aliyeikata ni mimi. Ilikuwa inaanguka kwenye trei mikunjo mikunjo, mikavu, na nje kuna mama kaja na watoto wake watatu kutoka Pennsylvania kwa ajili ya alichokiona kwenye simu. Nilimwona alivyoifunua sandwichi, akaitazama, akaifunika tena bila kusema kitu. Sijawahi kumsahau.

Kwa hiyo wanaobishana humu kama tatizo ni chakula au ni matangazo, mimi naona ni jambo moja. Tangazo limeleta watu wengi kuliko mvuke unavyoweza kuwahudumia. Mkate unaweza kuongeza, wahudumu unaweza kuongeza, hata meza. Saa nne za mvuke huwezi kuzifanya mbili.

Na sisemi deli zisijitangaze, maana biashara hii imekulia kwenye matangazo. Katz's, deli ya New York iliyopo tangu 1888, wakati wa Vita Kuu ya Pili iliwahimiza wazazi wawatumie watoto wao walioko jeshini salami (soseji kavu) kwa posta, na salami zilikwenda kweli. Kampuni ya mkate ya Levy's, kuanzia 1961, ilibandika mabango ya watu wa kila rangi wakila mkate wake wa rai (nafaka inayofanana na ngano), ikisema si lazima uwe Myahudi kuupenda. Carnegie Deli, iliyofunguliwa 1937 na kufungwa mwisho wa 2016, sifa yake kubwa ilikuwa huohuo mlima wa nyama. Lakini pale mlima ulikuwa unaletewa wewe mezani kwako, hata kama hakuna kamera. Ndilo ninalowadai hawa wa Jersey City: waliouonyesha mlima wauuze mlima, au waonyeshe kile wanachouza.

Kuhusu dola 26, hapo sikubaliani na wengi wenu. Kipande kibichi cha kilo sita kilikuwa kinatufikia ubaoni kilo tatu na nusu, mara nyingine pungufu. Maji yametoka, mafuta yametoka, na kuna vipande vya pembeni huwezi kumwekea mteja. Ongeza wiki mbili za kulaza, moshi, mvuke, na mtu anayejua kukata. Nyama ikiwa imeiva, bei hiyo ni halali yao. Iliyokatwa kwa mashine haina haki ya bei hiyo, na mleta mada alikuwa na haki ya kuirudisha kaunta palepale. Wengi wetu tunaona aibu kurudisha chakula ugenini. Rudisheni. Jikoni wanajua walichofanya.

Aliyesema dada kalipwa, naomba amwombe radhi, kwa sababu dada kaweka risiti. Wa kuulizwa ni wenye zile video. Marekani Tume ya Biashara ya Shirikisho inamtaka mtu aliyelipwa au aliyelishwa bure aliseme hilo waziwazi, na tangu Oktoba 2024 kuna kanuni inayokataza kununua na kuuza maoni ya uongo ya wateja. Kati ya video tatu zilizowekwa humu, moja tu ndiyo imeandika kuwa ni tangazo.

Lipo jingine limepita humu kama utani na halifai kuwa utani. Ndugu mmoja kaandika, "Waislamu tule tu, wameandika kosher." Kosher ni chakula kilichoandaliwa kwa sheria ya dini ya Kiyahudi. Jamani, hawakuandika hivyo. Kibao chao kimeandikwa "kosher style", na hilo neno la pili linabadilisha kila kitu. Maana yake ni chakula cha mtindo wa Kiyahudi tu: viungo na mapishi. Halisemi ng'ombe kachinjwa vipi wala kama kuna msimamizi wa dini. Tena menyu yao yenyewe inawaumbua, kwa sababu wanauza Reuben, yaani nyama ya ng'ombe na jibini pamoja, na kwenye kosher ya kweli nyama na maziwa havikai sahani moja. Kama kosher ya kweli inakutosha wewe Mwislamu, muulize shehe wako, mimi si wa kulijibu. Hii ya "style" haina hata ushahidi wa kuanzia kuulizia.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Mzee mmoja wa Kizanzibari alisimama mbele yangu kaunta, akasoma jina kwenye aproni yangu, akauliza kwa Kiswahili kama ni Mtanzania. Nikamwamkia shikamoo. Akaniambia huja pale kila mwezi na mjukuu wake, kwa kuwa mlangoni pameandikwa kosher na moyo wake umetulia. Bosi alikuwa ametukataza kulifafanua neno lile la "style" kwa wateja. Nikamweleza mzee kila kitu, polepole, wateja wakisubiri nyuma yake. Alinyamaza kidogo, akaufunga mfuko wa karatasi aliokuwa ameshaupokea, akanirudishia, akasema, "Ahsante mwanangu, ungeninyamazia ningekudai." Akaagiza saladi ya samaki kwa ajili ya mtoto. Sandwichi niliilipia mimi.

Anayetaka kwenda, aende katikati ya wiki, baada ya saa nane mchana, foleni ya chakula cha mchana ikishapita. Aombe ikatwe kwa mkono, na aombe upande wenye mafuta, ule mwembamba mkavu awaachie. Kabla hajalipa aombe kipande cha kuonja. Katz's mkataji hukupa kipande kwenye kisahani wakati anakukatia, na deli yoyote inayoiamini nyama yake haitakataa. Weka haradali peke yake, na mkate uwe wa rai wenye mbegu za kisibiti. Ukiona mashine inazunguka nyuma ya kaunta na nyama inaanguka mikunjo mikunjo, chukua supu ya kuku uondoke. Nayo dada kasema ni nzuri.

Mimi nakwenda Jumatano hii saa tisa alasiri nikitoka kazini. Nitalipa mwenyewe, na nitaweka humu picha ya nyama ilivyokatwa pamoja na risiti. Mleta mada, kama upo karibu tukutane pale mlangoni, ya kwako nitaiagiza mimi.